Doa Jekundu Chini ya Gari

Akina mama wenzetu, gari lililozeeka ni kama mwili wa mtu mzima. Haliugui ghafla bila kutoa dalili, na wanaoishi nalo ndio wa kwanza kuziona. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba mambo ya gari ni ya baba na fundi. Lakini anayebeba watoto na wagonjwa ndani yake hana budi kujua machache.

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, hapa Lushoto, kina gari dogo la mwaka 1997. Tunalitumia kuwapelekea wazee dawa majumbani, na mara nyingine kumkimbiza mama mjamzito hospitali. Mnaoifahamu barabara ya Mombo hadi Lushoto mnajua ilivyo: kilometa zipatazo 33 za kupanda na kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Hapo usukani ukigoma si jambo la mzaha.

Msimu mmoja wa mvua tuliona doa jekundu mahali gari linapolala. Baada ya siku chache usukani ukaanza kulia kila tulipokata kona, kisha ukawa mzito, hasa gari likienda polepole. Tulipofungua boneti tukakuta oili ya usukani, ile ambayo mafundi huiita haidroliki, imeshuka chini ya alama ya mwisho kwenye kikopo chake.

Tukaitisha kikao. Mweka hazina wetu, mama mwenye busara, alishauri tuwe tunaongeza oili kila wiki, maana fedha iliyokuwepo ilikuwa ya dawa. Sisi tuliosomea uuguzi tukamjibu, "Dada, anayevuja damu huwekewa dripu, lakini jeraha lisipofungwa, dripu haitatosha."

Naye akauliza, "Na wazee wanaosubiri dawa tuwaambie nini?" Kikao kizima kilinyamaza.

Tukaeleza jinsi kazi inavyofanyika. Mkanda wa injini huzungusha pampu, nayo husukuma oili kwa nguvu kupitia mpira mgumu hadi kwenye steringi reki. Kisha oili hurudi kwenye kikopo kwa mpira mwingine. Oili ikipungua sana, pampu huvuta hewa na kusagika, na hapo utanunua pampu pia. Zaidi ya hayo, oili ikidondokea ekzosi yenye moto inaweza kuwaka. Tukakubaliana gari lisimame. Kwa siku 4 dawa zilipelekwa kwa miguu.

Fundi wa kwanza alitaka reki nzima ibadilishwe. Bei yake ingemaliza mfuko wote. Tulimwomba atuonyeshe panapovuja, hakuweza. Tukamwendea mzee mmoja fundi. Yeye aliosha sehemu yote, akaifuta ikakauka, akawasha injini. Mmoja wetu akawa anazungusha usukani huku mzee akimulika kwa tochi. Alikagua viungo vya mpira mgumu, sili ya pampu na ncha mbili za reki. Mwisho akauona mpira wa kurudisha oili: umepasuka karibu kabisa na klipu. Tulinunua mpira, klipu na oili, na fedha ya dawa ikabaki.

Kisha ilibidi hewa itolewe. Magurudumu ya mbele yaliinuliwa, injini ikiwa imezimwa, na usukani ukazungushwa taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine mara kadhaa huku oili ikiongezwa. Baadaye injini iliwashwa, wakarudia mpaka mapovu yakaisha.

Haya tunawaachia ninyi wenzetu:

Someni kitabu cha gari mjue oili yake, kwani magari hayafanani. Kamwe msitie oili ya breki, huharibu sili.

Dawa za kuzuia kuvuja huvimbisha sili kwa muda tu. Mpira uliopasuka haziuponyi.

Msishikilie usukani ukiwa umefika mwisho kwa zaidi ya sekunde chache, maana pampu huumia.

Usukani ukiwa mzito safarini, usifadhaike. Bado umeungwa na magurudumu kwa vyuma, kwa hiyo gari litageuka, ila kwa nguvu. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo, simama mahali salama.

Na kabla ya kulipa, mwombe fundi akuonyeshe kwa macho mahali panapovuja. Kumwuliza hivyo si kumdharau. Hata hospitali, daktari hampeleki mgonjwa chumba cha upasuaji kabla ya kumpima.

Dada mpendwa, kesho asubuhi, kabla watoto hawajapanda, inama kidogo utazame chini ya gari.