Ufa wa Chini ya Kioo Kidogo

Gari la wazi la MGB likishakaa barabarani miaka kadhaa, usishangae kukuta mlango wake umepasuka mahali palepale: kwenye bati la nje, juu kabisa, hapo kioo kidogo cha pembetatu kinapokaa. Ufa huanza mwembamba sana, rangi ikiuficha, kisha unashuka taratibu. Nilipoingia gereji ya bodi karibu na Abingdon, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, magari hayo yalikuwa bado yanaundwa mjini humo, nayo yalishaanza kutufikia na ufa ule. Hakuna aliyeuona kuwa jambo kubwa. MGB lilikuwa gari la kijana mwenye mshahara wake wa kwanza, na kiwanda kilikuwa kimetoa mamia ya maelfu tangu 1962, mengi yao yakienda Marekani.

Mimi nilikuja na mkono wa Mombasa. Mjomba alinifunza kuchomelea bati kwa gesi kwenye milango ya Peugeot 404: moto uwe shwari, usiwe na oksijeni nyingi, waya laini wa chuma, na nyundo ipige mshono ungali moto huku chuma kizito kikiupokea kwa nyuma. Kule Abingdon nilikuta wazee wanaofanya vilevile. Kilichokuwa kigeni kwangu ni risasi. Baada ya kuchomelea walilipaka bati stani iliyoyeyushwa, kisha wakajazia kwa mchanganyiko wa risasi na stani, sehemu 70 kwa 30. Mchanganyiko huo hauyeyuki ghafla. Una kipindi kirefu cha kuwa kama uji mzito, na ndani ya kipindi hicho wanausukuma kwa kibao cha mti kilichopakwa mafuta ya mnyama. Kisha husawazishwa kwa tupa, kamwe si kwa mashine ya kusaga, maana vumbi la risasi ni sumu. Sijaona kazi ya bodi inayohitaji utulivu kuliko ile.

Oktoba 1980 kiwanda cha Abingdon kilifungwa. Miaka hiyohiyo mashine za kuchomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe zikaenea katika kila gereji. Zilikuwa na sifa ya kweli: joto halitambai mbali, bati halijikunji sana, na kazi ya asubuhi nzima inamalizika kabla ya chai. Mitungi ya gesi ikasogezwa pembeni. Fila ya plastiki ikachukua nafasi ya risasi. Mlango ulitoka ukimetameta, na baada ya majira ya baridi mawili ulirudi ukiwa na ufa mpya, ubavuni mwa mshono.

Sababu zilikuwa mbili, nasi tulichelewa kuzitenganisha. Ya kwanza ni mshono wenyewe. Ule wa waya ni mgumu na umeinuka, haukubali nyundo. Ukiusaga uwe sawa unapunguza pia bati la pembeni, nalo tangu mwanzo halifiki milimita moja. Ya pili ndiyo mzizi. Nguzo ya kioo kidogo hushikwa ndani ya mlango kwa bolti. Zikilegea, kila mlango unapobamizwa nguzo inayumba na kuvuta ukingo wa bati. Na watu wengi hufunga mlango wa gari lile kwa kuushika hapohapo kwenye fremu ya kioo. Unaweza kuchomelea uso wa mlango hata uchoke. Kinachouvunja kiko nyuma yake.

Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kuuza bodi nzima mpya za MGB, zilizokandamizwa kwa vifaa vya zamani vya kiwandani. Hapo ndipo mawazo ya watu yalipogeuka. Gari lililokuwa likitupwa likawa la kufufuliwa, na kila mwenye mlango wenye ufa akataka ngozi mpya, yaani bati jipya la nje. Nimebandika nyingi. Unasaga ukingo wa ngozi ya zamani mpaka mkunjo uachane, unavua, unatibu kutu ya fremu, hasa chini ambako matundu ya kutolea maji huziba. Ngozi mpya unaibana tu kwanza, unatundika mlango kwenye gari na kutazama nafasi pande zote, ndipo unakunja ukingo kidogo kidogo. Mlango uliokunjwa ukiwa umepinda hautanyooka tena. Tena gari la wazi nguvu yake iko kwenye kingo za chini ya milango. Zikioza, gari linalegea katikati na nafasi ya juu ya mlango inafinyika, nawe utalaumu mlango usio na hatia.

Siku hizi wenye magari wanarudi nyuma. Wanataka bati la kwanza libaki, na mimi nawaunga mkono, kwa sababu ngozi nyingine za kuigiza hazina mpindo uleule. Kwa hiyo mitungi ya gesi imerudi mahali pake. Natafuta mwisho halisi wa ufa kwa kusafisha hadi chuma cheupe, natoboa tundu dogo hapo ili usiendelee, nachomelea na kugonga hadi mshono ulale, kisha kwa nyuma naweka kipande cha bati kinachogawa mzigo. Nguzo ya kioo ndiyo ya mwisho: bolti mpya, na sifungi kifuniko cha ndani cha mlango kabla sijaisukuma nguzo hiyo kwa mkono na kuona haisogei.

Vijana wa gereji sasa wananiletea gundi ya bodi. Kwenye mkunjo wa ukingo wa chini naikubali, inazuia maji vizuri kuliko tulivyoweza sisi. Chini ya kioo kidogo, hapana.