Barafu ya Mama

Nilipokuwa mtoto, tulikaa Kalemie, karibu na ziwa Tanganyika. Mama alikuwa na friji moja ya zamani. Jioni alitia maji katika mifuko midogo ya plastiki, akaifunga. Mingine aliitia maziwa na sukari. Asubuhi yote ilikuwa migumu kama mawe. Niliibeba katika beseni mpaka sokoni, nikaita: "Barafu! Barafu baridi!" Wakubwa walinunua ya maji, watoto walinunua ya maziwa. Kwa faida ile mama alilipa karo yangu ya shule.

Siku moja nilikuta wenzangu wakicheza mpira. Niliweka beseni juani, nikacheza nao. Niliporudi, barafu yote ilikuwa maji ya vuguvugu. Nililia, nikamwambia mama ukweli. Hakunipiga. Alisema tu: "Mwanangu, leo umemwaga karo yako." Neno lile liliniuma kuliko fimbo.

Kesho yake mwalimu aliniona nina huzuni. Nilipomweleza sababu, alitufundisha habari hii:

"Zamani hapakuwa na friji. Frederic Tudor, mtu wa Boston katika Marekani, aliuza barafu iliyokatwa mabwawani wakati wa baridi. Mwaka 1806 aliipeleka kisiwa cha Martinique, penye joto. Mwaka 1833 alituma merikebu mpaka Calcutta, katika Uhindi. Ilipakia tani 180 hivi. Baada ya safari ya miezi minne, tani 100 hivi zilikuwa zingali barafu! Tudor alijua kuitunza barafu kwa unga wa mbao. Katikati ya unga huo mna hewa nyingi, nayo huzuia joto lisipite upesi."

Jioni nilikwenda kwa seremala, nikamwomba unga wa mbao. Alinijazia gunia bure. Mama na mimi tuliumwaga katika sanduku, tukafukia humo mifuko ya barafu iliyofungwa katika kitambaa safi. Kesho yake, saa sita mchana, ilikuwa ngumu bado. Niliuza yote. Mwisho wa mwezi karo ililipwa.

Siku hizi friji ni nyingi, na nyingine hutumia umeme wa jua. Lakini barafu haikubadili tabia yake: haimngoji mtu anayecheza. Basi watoto, mkitumwa kuuza, tunzeni mlichopewa. Na mkikosea, semeni kweli, kisha tafuteni akili. Akili ni mali.