Kinywaji Kilicho Shahidi: Niliyoyaona Takaungu

Atokaye Mombasa kwenda Malindi kwa barabara, akiisha kuipita Vipingo na kabla hajafika Kilifi, ataona upande wa kulia njia ishukayo kuelekea baharini. Mwisho wa njia hiyo ndipo penye Takaungu, mji mdogo wa kale ulio kando ya mkono wa bahari, wenye misikiti, makaburi ya wakubwa wa zamani, na minazi mingi. Mji huu ulipata sifa baada ya mwaka 1837, wakati Sayyid Said wa Unguja alipowashinda Mazrui wa Mombasa, na baadhi yao wakahamia hapa, wengine wakaenda Gazi. Mwaka 1895 ugomvi wa urithi wa utawala wa Takaungu ukawa mwanzo wa vita baina ya Mazrui na Waingereza, navyo havikwisha mpaka mwaka uliofuata. Nami nilikwenda huko kwa shauri la urithi vilevile, ingawa halikuwa la ufalme. Lilikuwa shauri la minazi 32.

Mimi ni karani wa serikali, na kazi yangu ni kuandika. Nilitumwa kuandika orodha ya mashamba na miti, pamoja na jina la mwenye kila kitu. Kazi hiyo si nyepesi, kwa kuwa kwa mila ya pwani mwenye ardhi aweza kuwa mtu mmoja, na mwenye mnazi uliosimama juu yake akawa mtu mwingine.

Asubuhi nilikaribishwa mjini na mzee mmoja Mwislamu, ambaye shamba lake limepakana na hiyo minazi. Tuliketi barazani, tukanywa kahawa chungu iliyomiminwa kutoka dele la shaba katika vikombe vidogo, na tende kando yake. Mzee huyo alinifurahisha kwa habari za kahawa. Asili ya mti wake ni Uhabeshi, na katika karne ya 15 watu wa tarika huko Yemen waliinywa ili wapate kukesha katika ibada. Neno lenyewe, katika Kiarabu cha zamani, lilitumika pia kwa mvinyo. Mwaka 1511 mkubwa wa mji wa Makka, Khair Beg, aliishtaki kahawa kana kwamba ni mtu, akaipiga marufuku, mpaka ilipotoka amri ya Cairo ya kuilegezea. "Basi, mwanangu," akasema, "usikidharau kinywaji. Hata kahawa imewahi kusimama mbele ya kadhi."

Sikujua kwamba mchana huohuo nitaona kinywaji kingine kikisimama mbele ya wazee.

Tulikwenda pamoja shambani. Wadai walikuwa Wagiriama wawili wa ukoo mmoja. Mmoja alikuwa mtu mzima, mwenye watoto shuleni, naye ndiye aliyekuwa akiishika minazi ile kwa miaka mingi. Wa pili alikuwa kijana, ambaye baba yake alifariki yeye angali mchanga. Yule mtu mzima akanitolea karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye alama ya dole gumba. Iliandikwa kwamba marehemu amepokea shilingi 400 kwa ajili ya minazi 32. Haikusema zaidi.

Kijana alisema, "Mama aliniambia ilikuwa rehani." Lakini mama naye alikuwa amekwisha kufa.

Mimi niliisoma karatasi ile mara mbili, nikaona kwamba fedha imepokewa na dole limewekwa. Nikaandika katika kitabu changu, kwa mwandiko mzuri, neno hili: imeuzwa. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami nilikuwa nimesifiwa mno kwa mwandiko wangu.

Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa ameketi chini ya mwembe na fimbo yake magotini, akaniambia kwa upole, "Karani, umeiuliza karatasi. Je, waliokunywa umewauliza?"

Yafaa nimweleze msomaji wa bara habari za tembo la mnazi. Mgema huukwea mnazi asubuhi na jioni kwa vidato vilivyochongwa katika shina. Huko juu hulifunga kole changa lisilofunuka bado, akalikata ncha yake kidogo kidogo kwa kisu kikali, na utomvu wake hudondoka katika kibuyu. Utomvu ule ukiwa mpya ni mtamu kama maji ya sukari, hata mtoto hunywa. Baada ya saa chache huanza kuchachuka wenyewe, bila kutiwa kitu, na kabla ya siku kwisha huwa kileo. Ukiachwa siku kadhaa hugeuka siki. Lakini kila kole ligemwalo halizai nazi. Mwenye mnazi hana budi kuchagua, tembo la leo au nazi za mwakani.

Kwa Wagiriama na jamaa zao wa Kimijikenda, tembo si la kiu tu. Mahari hutajwa pamoja nalo; wazee wakikata shauri hutolewa; koma wa ukoo humwagiwa chini kwanza. Chombo chake huitwa kadzama, na wale wanaokinywea siku ya mapatano ndio mashahidi wa mapatano hayo. Mwaka 1972 mtaalamu wa Kiingereza, David Parkin, alichapisha kitabu juu ya Wagiriama ambacho jina lake lilitaja mambo matatu kwa pamoja: minazi, tembo, na mashahidi. Humo alieleza jinsi watu waliojikusanyia minazi walivyowahitaji sana wazee wa kuwashuhudia. Alieleza pia kwamba baadhi yao waliingia Uislamu baada ya kushikwa na pepo waliowataka wauingie, na tangu hapo wakawa na udhuru wa kutokunywa na watu waliowaogopa, pasipo kuvunja heshima ya mtu.

Desturi hii si ya Mijikenda peke yao. Wachagga wa Kilimanjaro huipeleka mbege, pombe ya ndizi na ulezi, katika mambo ya posa. Wakikuyu huwa na muratina katika habari za mahari, na Waganda huwa na pombe yao ya ndizi. Huko Japani, katika arusi ya dini ya Shinto, bwana na bibi arusi hunywa sake, yaani pombe ya mchele, kwa vikombe vitatu, mara tatu kila kimoja. Wala kinywaji cha ushahidi si lazima kiwe kileo. Mwishoni mwa karne ya 17, London, wenye meli na wafanyabiashara walikutana katika duka la kahawa la Edward Lloyd, na kutokana na mapatano yao ya mezani ikakua bima ya meli ijulikanayo kwa jina lake hata leo. Mataifa hutofautiana katika kitu kilichomo kikombeni, lakini mengi yamekubaliana kwamba watu wakinywa pamoja mbele ya wenzao, maneno yao huwa na uzito.

Turudi chini ya mwembe. Yule mzee alisema, "Siku ile tulikuwa wazee wanne. Watatu wamekwenda, nimebaki mimi. Marehemu alimwaga kidogo chini, akatumiminia, kisha akamwambia huyu: Nakupa uigeme mpaka mwanangu aweze kukwea mwenyewe, ndipo tutakurudishia fedha yako. Tukanywa. Hayo ndiyo nijuayo."

Pakawa kimya. Nilimtazama yule mwenye karatasi. Ilikuwa rahisi kwake kukana, kwa maana mzee alikuwa mmoja tu, tena mkongwe, na kitabu cha serikali kilikuwa kimekwisha kuandikwa. Minazi ile ndiyo iliyokuwa ikilipa karo za watoto wake, kila jioni mgema akileta hesabu yake. Akaikunja ile karatasi, akaifunua, akaikunja tena. Mwisho akasema maneno matatu tu: "Hata mimi nilikunywa."

Sikupata kusikia ungamo fupi kuliko hilo. Nililikata lile neno nililoliandika, nikaandika juu yake: rehani. Ukurasa wangu ukachafuka, nami sikuona uchungu.

Shauri halikuishia hapo, kwa maana shilingi 400 za siku zile si sawa na shilingi 400 za leo. Kijana hakuwa na fedha nyingi, na mwenziwe hakustahili kutupwa. Wazee walizungumza mpaka jua likapinda. Wakakubaliana kwamba yule mtu mzima aendelee kugema mpaka masika ya mwaka ujao yaishe, na mapato hayo yawe ndiyo malipo yake. Kisha minazi imrudie mwenyewe. Safari hii nikaandika kila neno, na majina ya wote waliokuwapo.

Kadzama ikaletwa. Mzee wetu wa mjini hakuligusa tembo, wala hakuna aliyeona vibaya. Aliomba dafu, nami nikaomba pia. Lakini katika minazi yote 32 halikupatikana dafu hata moja, kwa kuwa yote ilikuwa ikigemwa. Ikabidi mtoto atumwe shamba la jirani. Tukanywa, wao tembo, sisi madafu, na kijana akasema kwamba mwaka ujao ataiacha nusu ya minazi izae.

Ndugu msomaji, mimi sikuja kukusifia ulevi. Aliyekunywa hata akasahau aliyoyasikia hawezi kuwa shahidi wa mtu, na baba anywaye karo ya mtoto hana mapatano ya kujivunia. Lakini nawe mwenye kalamu kama mimi, ukiwekewa karatasi mbele yako, usiharakishe. Andika kama ni mauzo au rehani, andika mpaka lini, na andika nani walikuwapo. Kisha uliza kama yupo bado aliye hai katika wale waliokunywa siku ile. Yule mzee wa Takaungu alikuwa wa mwisho, na lau ningalifika mwaka mmoja baadaye, huenda mwandiko wangu mzuri ungalimnyang'anya yatima minazi ya baba yake.