Kalisi ya Pembeni

Kwa miezi kadhaa dada yetu wa kwaya alibaki kwenye benchi wakati wa Komunyo, nasi tukanong'onezana juu ya dhambi zake. Kumbe alikuwa na ugonjwa wa seliaki: gluteni iliyomo katika ngano huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe. Dawa ni kuiacha gluteni maisha yote. Bugali ya mihogo, sombe na samaki vilimrudishia nguvu polepole. Mandazi ya asubuhi ndiyo yaliyomliza. Nasi tukajifunza kutomkaangia ndizi katika mafuta yaliyokwisha kukaanga mandazi.

Lakini Hostia ni ya ngano, na Kanisa halikubali Hostia isiyo na gluteni kabisa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza dada sababu. Aliyemwuliza ni padri. Barua ya Roma ya mwaka 2003 yamruhusu mlei mwenye ugonjwa huo kupokea Damu ya Kristo peke yake, naye Kristo yumo humo mzima. Sasa huandaliwa kalisi ya pembeni, isiyotiwa kipande cha Hostia. Siku ya kwanza alipoikaribia altare, sisi tuliomsengenya ndio tuliokuwa tukiimba. Sauti zilitukatika.