Kidole cha Mama na Nyuzi 50

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukweli wa methali hii ulidhihirika katika boma moja nje kidogo ya mji wa Rongo, Kaunti ya Migori, siku kijana mmoja alipowasili kutoka Homa Bay na boila la umeme juu ya matatu. Alikuwa amelinunua kuukuu. Nia yake ilikuwa njema: kumwondolea mama yake mjane adha ya kuni na moshi kila alipopika busaa.

Ikumbukwe kwamba busaa ile haikuwa ya kuuza. Majirani walipokusanyika kumlimia shamba kwa saga, yaani kazi ya ujima katika desturi ya Wajaluo, shukrani yao ilikuwa chakula na kong'o. Mjane asiye na kong'o nzuri alijua kwamba magugu yangemeza mahindi yake kabla ya mvua kukatika.

Upishi wake ulikuwa ule ule wa miaka yote. Unga wa mahindi huchachushwa, hukaangwa juu ya bati hadi ukawa wa hudhurungi, kisha hutiwa pipani pamoja na maji ya uvuguvugu na kimea cha wimbi. Kabla ya kutia kimea, mama hutumbukiza kidole. Kidole kikistahimili, maji yamefaa.

Kijana alimkataza. Aliuelekeza mshale wa boila kwenye nyuzi 50, akasema, "Mama, hiki chombo kina hesabu yake. Usijiunguze."

Mama aliuona mvuke, akasema maji yamezidi. Akaambiwa aiamini namba. Pombe ya saga ya kwanza ikatoka chapwa na chachu, haina utamu wala nguvu. Wazee walionja, wakaaga kwa adabu. Juma lililofuata walikuja nusu yao.

"Mwanangu, maji haya yanaua kimea," mama alisema.

Kijana aliyachukulia maneno hayo kuwa chuki ya uzee dhidi ya usasa. Isitoshe, ili kuokoa muda, akautia unga na maji ndani ya boila lenyewe. Lilizima katikati ya kazi, harufu ya kuungua ikatanda. Baadaye likawaka tena, na mama alipoushika mfereji wake kwa mkono uliolowa, umeme ukamtupa chini. Alinusurika, lakini mkono ulikufa ganzi hadi jioni. Kijana hakulala usiku ule.

Fundi wa Homa Bay hakukimbilia bisibisi. Aliuliza kwanza: maji yalikuwa moto kiasi gani? Lilizima wakati gani? Nani aliguswa na umeme? Kisha akafungua plagi. Fyuzi ya ampea 13 ilikuwa nzima, ila waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, ulikuwa umekatika. Akaipima koili. Koili ya wati 3,000 kwa volti 240 hutarajiwa kusoma omu 19 hivi, nayo ilisoma hivyo. Lakini alipopima kati ya koili na bati la boila, mahali ambapo umeme haupaswi kupita, mita ilionyesha njia. Alipokwangua gaga jeusi la unga, aliuona ufa. Uji mzito hauzunguki kama maji. Huganda juu ya koili, joto likakosa pa kwenda, koili ikajichoma. Ndipo kikata-umeme cha dharura kilipozima boila.

Mwisho alikigeukia kidhibitijoto. Aliurudisha mshale hadi chini kabisa, lakini vidato vyake vilibaki vimeshikana. Maana yake ni kwamba boila lile halikuwahi kutii nyuzi 50 hata siku moja, lilichemsha tu. Vimeng'enya vya kimea, ambavyo hugeuza wanga kuwa sukari ili hamira ipate chakula, huharibika haraka maji yakipita nyuzi 75 hivi. Mama alikuwa ametambua hitilafu hiyo majuma mawili kabla ya mita.

Fundi alibadilisha koili na kidhibitijoto, akaunganisha waya wa ardhi, akaagiza soketi ya nyumbani nayo ipimwe, kwani waya huo haufai kitu iwapo nyumba yenyewe haina ardhi. Akasisitiza kwamba boila ni la maji matupu. Unga una pipa lake.

Kijana alipomweleza mama habari za kidhibitijoto, neno lilimponyoka, akahangaika kulifafanua. Mama akamsaidia: "Kumbe askari wa moto alikuwa amelala."

Istilahi hiyo haimo katika kamusi, ilhali inaeleza kazi ya kifaa na ubovu wake kwa pumzi moja. Ndugu msomaji, aghalabu tunaunda maneno ya sayansi mezani, bila kuwauliza wanaoishi na kazi yenyewe.

Upishi uliofuata, kijana alichomoa plagi, akakinga maji ndooni, akamsogezea mama kimya kimya. Mama akatumbukiza kidole, akatikisa kichwa kukubali. Kimea kikatiwa. Hakika, penye wazee haliharibiki neno, mradi vijana wakubali kuuliza.