Debe la Mchele

Kwetu Mofu, mmisionari alikuwa mtu aliyetoka mbali. Bibi aliwataja masista wa Baldegg kama watu wa ukoo wake: walifika nchini kutoka Uswisi mwaka 1921, na Ifakara wakajulikana kwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Lakini sista alitibu tu. Uji wa mgonjwa ulipikwa na ndugu. Na asiye na ndugu?

Ndiyo maana jumuiya yetu ndogondogo ilikuwa na debe. Baada ya mavuno kila nyumba ilimimina ilichoweza, hata kikombe kimoja. Mtu wa kijiji akilazwa Ifakara, mama mmoja alitumwa na mchele na sufuria. Masika mengine alianza safari kwa mtumbwi, barabara ikiwa imemezwa na maji.

Mwaka mmoja akalazwa mke wa mfugaji wa Kisukuma. Ng'ombe wa mumewe walikuwa wameingia kwenye mpunga wetu usiku. Nusu ekari ilibaki matope. Jumuiyani watu walisema wazi: huyo akapikiwe na ng'ombe wake. Hasira ile sikuiona dhambi. Mpunga ndio ada ya shule.

Mama hakubishana. Alipima mchele, akajitwika. Alimuuguza siku tisa, wakichekana matamshi, maana mwenzake Kiswahili kilimpiga chenga.

Fidia ilijadiliwa baadaye mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mama alidai yote, akalipwa nusu. Nusu ya pili bado anaidai, hata asubuhi zile mama yule anapotuletea maziwa.