Doktora ya Kemia: Nani Atalipa?

Mimi ni mwanafunzi wa kemia hapa Kisangani, nakaa Basoko. Niliposema nyumbani nataka kuomba nafasi ya doktora kule Marekani, mama aliuliza neno moja tu: «Mwanangu, nani atalipa?»

Nilimujibu: Mama, kwa kemia, universite nyingi za kule njo zinamulipa mwanafunzi. Anasaidia kufundisha wadogo katika labo, anafanya utafiti, anapata posho ya kila mwezi, karibu miaka 5. Wengi wanaingia bila masta. Lakini lisansi ya miaka 3 haikubaliwi kila mahali, uliza kwanza.

Kuna ada ya kuomba, na mara nyingi mtihani wa Kiingereza. Universite fulani zinasamehe ada ile ukiwaandikia mapema.

Lakini kigumu zaidi ni barua 3 za walimu. Profesa ataandika nini juu ya mutu asiyemujua? Ndiyo maana mimi nabaki labo nyuma ya masomo, naosha chupa, nauliza.

Wewe wa Kolwezi ao Likasi, kule shaba na kobalti zinatenganishwa kwa asidi, usingoje mwaka wa mwisho. Walimu waone kazi yako tangu leo.